Mwongo wa Mwaloni: namna ya kuandika riwaya ya taharuki inayosimuliwa na mtu asiyependeka wala kuaminika

Muswada wangu wa kwanza uliuawa na mama mmoja anayeanika dagaa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Mwanza. Nilimpa kurasa 40 kwa sababu anapenda hadithi na kwa sababu hana haya. Katika kurasa hizo msimulizi wangu anasimama juu ya mawe ya Capri Point, mjini Mwanza, usiku, mwezi umejaa, anatazama taa za wavuvi wa dagaa zilivyotapakaa majini kama mji mwingine. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipenda mno. Mama akasoma, akanyanyua uso, akaniuliza: "Mwanangu, na mwezi wote huo, hao wavuvi wamefuata nini ziwani?"

Kwa asiye wa huku: dagaa hufuata mwanga. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi zaidi ni taa za sola na betri. Taa inaelea, dagaa wanakusanyika chini yake, wavu unavutwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa inakosa nguvu ya kuwavuta. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu, huenda kusalimia nyumbani, na kazi hurudi giza linaporudi. Aliyekulia mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, analijua hili kama anavyoijua siku ya gulio.

"Huyu kijana wako mwongo," akasema. "Hakuwepo."

Niliona aibu siku tatu. Siku ya nne ndipo nikasikia vizuri alichokuwa amesema. Hakuniita mimi mwongo, alimwita msimulizi. Kosa langu la uzembe lilikuwa limemfanyia kazi ambayo kurasa 40 za ujanja hazikuifanya: lilimfanya msomaji aache kumwamini mtu anayemsimulia, na bado atake kuendelea kusoma. Nikaanza upya. Mwongozo huu umetokana na kuanza upya huko.

Kwanza andika kisa chenyewe, kikavu

Wengi wanaoanza huanza na sauti ya mwongo: vitisho, majigambo, giza. Subiri. Kaa chini uandike kurasa mbili za kilichotokea kweli, kwa nafsi ya tatu, bila mapambo, na saa zake. Kurasa hizi hatazisoma mtu. Bila hizo utajikuta ukurasa wa 120 hujui nani alikuwa wapi, na msomaji atagundua kwamba anayetangatanga ni wewe.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni huu. Deo ni mpima mzani pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Kazi yake ni uzito wa haki, na kwa miaka sita amekuwa akipunja: nusu kilo hapa, kilo kule, kila gunia. Shemeji yake Makoye, mume wa dada yake Pili, ana mitumbwi mitatu, na sasa ameugundua mchezo. Saa nne na nusu usiku wanakutana ufukweni Igombe. Wanazozana. Deo anamsukuma. Makoye anaangukia kati ya mawe, anaumia, hawezi kusimama, na mawimbi yanampiga. Anaita. Deo anakaa juu ya jiwe, hatua kumi kutoka pale, hajibu, mpaka sauti inakoma. Saa sita anaondoka, anafika nyumbani, anaoga, analala.

Angalia kitenzi chenye uzito hapo. Si "anamsukuma". Watu husukumana kila siku mwaloni na jioni wanakula pamoja. Kitenzi ni "anakaa". Hilo ndilo jambo ambalo Deo hawezi kulitamka, na riwaya nzima ni njia ndefu anazopita ili asilitamke. Kama huwezi kukionyesha kitenzi cha namna hiyo katika kurasa zako mbili, bado huna kisa. Una tukio la polisi.

Daftari la safu tatu

Chukua daftari la shule, piga mistari miwili. Safu ya kwanza: kilichotokea. Ya pili: anachosema Deo. Ya tatu: kinachomsuta, yaani kitu kilichomo ndani ya kurasa, ambacho msomaji makini anaweza kukishika kwa mkono wake mwenyewe.

Safu ya kwanza inasema: saa nne na nusu hadi saa sita yuko jiweni Igombe. Ya pili: anasema alikuwa Capri Point akitazama taa za wavuvi. Ya tatu: mwezi ulikuwa mpevu. Tayari una sura.

Sheria yangu ni moja na siivunji: safu ya tatu ikiwa tupu, uongo huo unafutwa. Mwongo asiyesutwa na chochote ndani ya kitabu hana tofauti na mwandishi anayeficha karata chini ya meza. Msomaji atakusamehe ukimdanganya mbele ya macho yake. Ukimnyima kabisa nafasi ya kuona, atakirusha kitabu, na ana haki.

Ongeza pembeni, kwa penseli, kwa nini amechagua uongo huo na si mwingine. Deo angeweza kusema alikuwa amelala. Anasema alikuwa akitazama taa kwa sababu anataka aonekane mtu mpole, mtazamaji, mwenye moyo wa kupenda ziwa. Uongo humchora mtu kuliko ukweli wake, kwa sababu ukweli hakuuchagua.

Anamwambia nani?

Kwa Kiswahili huwezi kufungua mdomo kabla hujajua unaongea na nani. Ukisema tu "shikamoo" umeshajiweka mahali. Kwa hiyo amua mapema Deo anamsimulia nani, hata kama msikilizaji huyo hatajibu neno.

Akimsimulia mzee wa ukoo, atajificha nyuma ya heshima: hatamaliza sentensi zenye aibu, atasema "mzee wangu, mengine unayaelewa mwenyewe," na heshima hiyo hiyo itakuwa shimo la kufukia mambo. Akimsimulia kijana wa kubeba magunia, atajisifu, na katika kujisifu atapitiliza. Mimi nilichagua Pili, dada yake mkubwa, mjane, siku ya arobaini ya mumewe. Kila "dada" anayoitamka inauma mara mbili. Hawezi kumtukana Makoye waziwazi kwa sababu anaongea na mkewe; hawezi kumsifu kupita kiasi kwa sababu Pili aliishi naye na anamjua.

Mpe pia neno moja la kiapo. Deo wangu husema "Mungu ni shahidi", na husema hivyo pale tu anapodanganya. Hakuna popote panapoelezwa. Msomaji wa haraka halioni, wa polepole anaanza kulisubiri. Angalizo: mara saba au nane kwa kitabu kizima zinatosha, zaidi ya hapo linageuka kengele.

Kama ni mtu wa Mwanza, Kisukuma kitapenya. Atamsalimia mama mkwe "mwadila", atashukuru "wabeja". Usikirundike ili kuonyesha kwamba umefika. Deo wangu hutumia Kisukuma na Pili anapomtaka amhurumie, na hurudi kwenye Kiswahili cha ofisini, chenye "kimsingi" na "kwa mujibu wa", anapofika kwenye usiku ule. Badiliko hilo la lugha linasema mengi kuliko jasho usoni.

Uongo ukae kwenye kitenzi

Hapa ndipo lugha yetu inapokupa silaha, na nashangaa jinsi tunavyoiacha ikipata kutu.

Soma ukweli kwanza: "Nilimsukuma Makoye. Alianguka. Aliniita. Sikumjibu."

Sasa Deo: "Pale kwenye mawe panateleza, dada, kila mtu anajua. Makoye akawa ameanguka. Sauti ilisikika, lakini usiku ziwani zinasikika sauti nyingi, na mtu ukiwa umechoka hutofautishi. Ningemjibu angetulia, nalijua hilo. Basi, nikarudi nyumbani."

Hakuna sentensi hata moja hapo iliyo ya uongo mtupu, ila kila moja inakimbia. "Panateleza" imelifanya jiwe kuwa mkosaji. "Ilisikika" ni kauli ya kutendeka, nani aliisikia? Kiswahili kinaturuhusu kuvunja kikombe na kusema "kikombe kimevunjika", na hakuna anayetushangaa. Mpe Deo kauli hiyo kila anapokaribia hatia, na mpe kauli ya kutenda, "nilipima, nililipa, nilimsaidia", kila anapotaka sifa. Hesabu ukimaliza rasimu. Mimi nilipaka vitenzi vyote vya sura ya tano rangi mbili kwa kalamu za wino, na ndipo nilipoona kwamba katika kurasa tatu nilikuwa nimejisahau, nikamwachia Deo aseme kama mtu mwenye dhamiri safi.

Halafu nafsi. Ameanza na "sauti ilisikika", akaingia "mtu", na kabla ya nukta ameshakuwa "wewe" uliyechoka. "Mimi" ametoweka, na msikilizaji ndiye aliyewekwa jiweni. Watu hufanya hivi kila siku wanapoona haya. Wewe fanya kwa makusudi.

"Ningemjibu angetulia" ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote. Anadhani anaomba huruma. Lakini -nge- imemuumbua: amejuaje kwamba angetulia? Aliyekwisha kufa hatulizwi. Kwa sentensi hiyo tu msomaji anajua Makoye alikuwa hai, na Deo alikuwa karibu kiasi cha kujua kwamba angesikika.

Na "basi, nikarudi". Kiambishi -ka- ni kamba ya kusimulia: nikashuka, nikafika, nikarudi. Kina hila moja, kwamba hakisemi kati ya tendo na tendo kumepita muda gani. Saa moja na nusu ya jiweni imemezwa kati ya "hutofautishi" na "nikarudi". Ukitaka kuficha shimo, liweke kati ya -ka- mbili. Ukitaka lionekane baadaye, mtaje mtu mwingine aliyeona saa, hata kwa bahati: mke wa Deo akilalamika kwamba ugali ulipoa mpaka akaupa mbwa.

Kuna zawadi nyingine ambayo waandishi wa lugha nyingi wangeitamani. Kiambishi a- hakibagui mwanamume na mwanamke. Deo anaweza kwa kurasa 100 kumwambia Pili habari za "mtu mmoja aliyekuwa akipita ufukweni", aliyesimama, aliyemtazama, aliyeondoka bila neno. Msomaji atajichorea mvuvi, pengine mwanamume mwenye deni. Hujadanganya. Ukifika ukurasa wa 180 akatokea bibi kizee aliyekuwa anaokota kuni, msomaji atarudi nyuma kutafuta ni wapi ulimwambia kwamba ni mwanamume, na hatapaona.

Haya ya vitenzi si ya wanasarufi peke yao. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yanayogongana, kisha wakawauliza yalikuwa na kasi gani. Swali lilikuwa lile lile isipokuwa kitenzi: wengine waliulizwa magari "yalipogongana", wengine kwa kitenzi kikali zaidi, kama kusema "yalipobamizana". Waliosikia kitenzi kikali walitaja kasi kubwa zaidi. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 wa kitenzi kikali, 16 walisema ndiyo. Kati ya 50 wa kitenzi cha kawaida, 7. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja.

Chukua hilo ulitumie hivi: mfanye msimulizi abadilishe kitenzi cha tukio lile lile kila anapolirudia. Ukurasa wa 10 Deo na Makoye "walizozana". Ukurasa wa 70 "waliongea". Ukurasa wa 150 "waliagana". Kumbukumbu yake inafuata kitenzi kama mtumbwi unavyofuata kasia, na kufikia mwisho hata yeye anaamini kwamba waliagana. Hapo ndipo taharuki ya kisaikolojia inapokaa. Swali la nani aliua msomaji anaweza kulimaliza mapema. Kinachomkalisha macho ni kutaka kujua kama huyu mtu bado anajua.

Asipendeke, lakini asomeke

Kuna ushauri unaozunguka kwamba mhusika mbaya apewe kitu cha kumfanya apendwe: mama mgonjwa, mbwa, utoto wa shida. Mimi siuafiki. Huruma ya mkopo hulipwa kwa riba. Msomaji hahitaji kumpenda Deo, anahitaji kutoweza kumwacha. Na watu hatuwaachi wenye macho makali, wenye ufundi na wenye ulimi.

Kwa hiyo mpe ufundi. Deo anakadiria uzito wa kitu chochote kwa kukitazama: gunia, mtoto, jeneza. Anakosea kwa gramu tu na anajivuna kwa hilo. Ufundi huo unamfanya achekeshe, kwa sababu anawapima watu wote, na ndio unaomfunga. Katikati ya hadithi anamwambia Pili, kwa majivuno yale yale, kwamba Makoye akiwa na nguo zilizolowa hazidi kilo 90. Nguo zilizolowa amezionea wapi, mtu aliyekuwa Capri Point?

Ubaya wake uanze mdogo. Ukimfungulia kitabu kwa kumfanya ampige mtoto, msomaji atasimama mbali naye, na mtu akiwa mbali hadanganywi. Deo wangu anaanza msibani, amekaa kwenye mkeka, anahesabu rambirambi kichwani: nani katoa elfu mbili wakati ana duka, nani kaandikisha jina bila kutoa. Msomaji anacheka kwa sababu na yeye amewahi kufikiri hivyo, na kwa kicheko hicho ameshaketi mkeka mmoja naye.

Acha kitu kimoja kisichoelezeka. Katika magunia yote, kuna familia moja ya fundi nyavu ambayo Deo hajawahi kuipunja, na hasemi kwa nini. Sijui kwa nini na mimi. Nilijaribu kueleza, sura ikaharibika, nikafuta maelezo.

Usimpe kichaa. Wagonjwa wa akili wamebebeshwa mauaji ya kutosha kwenye hadithi zetu, na zaidi ya hapo, kichaa kinamsafisha. Deo ana akili timamu, na hilo ndilo linalotisha.

Usidhani pia kwamba unaleta kitu kigeni kanda hii. Jina la kitaaluma la msimulizi asiyeaminika lilitoka kwa mhakiki wa Marekani, Wayne Booth, mwaka 1961, lakini mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, alikwisha kumkabidhi Kazimoto wa riwaya ya *Kichwamaji* nafsi ya kwanza, kijana msomi ambaye ni vigumu kumpenda na ni vigumu kumwacha. Tofauti ya kazi yako ni kwamba unataka pia msomaji amshuku.

Ziwa liwe shahidi

Mwongo anaweza kupindisha watu. Mwezi, upepo na daraja havipindiki. Ndiyo maana hadithi ya namna hii inakaa vizuri Mwanza: mji una mambo mengi ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayehitaji kuelezwa.

Chagua tarehe halisi, kisha angalia kalenda ya mwezi ya tarehe hiyo. Mwezi mpevu huchomoza karibu na jua kuzama, halafu kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Siku nne baada ya mwezi kujaa, saa mbili usiku bado kuna giza. Jua lenyewe, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, huzama mwaka mzima kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika 10 hivi jioni. Msimulizi anayeona machweo saa 2 hakuwa Mwanza, au hana saa.

Upepo. Mchana kwa kawaida hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda majini. Deo akisema kwamba usiku wa manane, usiku uliotulia, alisimama ameelekea ziwa na upepo ukampiga usoni, mvuvi atatabasamu. Angepigwa mgongoni. Mimi niliiweka hiyo ukurasa wa 22, na mpaka leo wasomaji wawili tu wameniambia wameiona, wote wa Ukerewe.

Na maji hayajai na kupwa. Ziwa si bahari ya Tanga. Ukimtaka Makoye afikiwe na maji, tumia mawimbi na dhoruba, ambazo ziwani hupenda usiku wa manane na alfajiri. Lakini ukimsikia Deo akisema "maji yalikuwa yamejaa", basi hakikisha safu ya tatu inajua kwamba huo ni uongo, isije ikawa wewe ndiye uliyekariri riwaya za pwani.

Barabara nazo zina tarehe. Kwa miaka mingi aliyesafiri kati ya Mwanza na Geita kwa gari alivuka kwa kivuko Kigongo hadi Busisi, na "nilikwama kivukoni" ilikuwa sababu isiyohojiwa na mke wala bosi. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la Kigongo-Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilizinduliwa, na sababu hiyo ikafa. Hadithi yako ikiwa ya 2023, mpe Deo kivuko. Ikiwa ya baada ya hapo na bado anasema alikwama kivukoni, amejisuta mwenyewe, isipokuwa awe anazungumzia kivuko kingine, cha Kamanga, na hapo Pili atauliza: Kamanga ulifuata nini?

Sasa jambo zito. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kuja Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa Igoma, hapa hapa Mwanza. Majeraha hayo bado yana wenyewe, ukikutana nao usiwageuze pambo. Lakini nilimwona Deo wangu akilifanyia msiba ule jambo ambalo mtu wa aina yake angefanya: ameazima kilio. Anawaambia watu baba yake alikufa MV Bukoba. Analisema vizuri, kwa kunyamaza kidogo katikati. Kisha anasema baba alikuwa "anatoka Mwanza kwenda Bukoba kutafuta kahawa". Meli ilikuwa inakuja, haikuwa inakwenda. Msomaji wa kanda hii anasimama hapo hapo, na kuanzia hapo hamchukii tena Deo kwa Makoye tu. Niliandika kipande hicho mara tisa, nikakipunguza hadi mistari mitano, kwa sababu wapo watakaokisoma wakiwa na ndugu Igoma.

Uongo uwe na bei, na ailipe mwingine

Bibi aliyekuwa anaokota kuni amemwona Deo. Deo hamgusi. Anachofanya ni kuuliza swali moja kijiweni: "Hivi yule bibi, macho yake yamekuwaje mekundu vile?"

Ukanda wa Usukuma una historia mbaya hapa. Wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya miaka ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe jikoni, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Deo analijua hilo. Anauliza swali tu, kisha anamsimulia Pili jinsi watu walivyo wajinga kuamini uchawi. Kwa mwandishi onyo ni hili: uchawi usiwe jibu la fumbo lako. Ukiwa jibu, Deo ameshinda na wewe umemsaidia. Uwe silaha mkononi mwa mtu asiyeuamini.

Ufunuo

Sura ya mwisho ambayo mwongo analia na kukiri kila kitu ni uvivu. Deo wangu hakiri. Mwishoni Pili, ambaye kitabu kizima amenyamaza, anauliza swali moja: "Uliondoka saa ngapi?" Deo anajibu saa, sahihi kabisa, kwa mara ya kwanza. Anaijibu kwa kiburi cha mpima mzani ambaye hakosei namba. Basi.

Panga kugundua kuwe kwa ngazi. Mtu wa mwaloni aanze kushuku mapema. Msomaji wa Dodoma asiyejua dagaa wanavuliwaje ashuku katikati, kwa vitenzi na kwa nguo zilizolowa. Asiye makini apate swali la Pili.

Wasomaji watatu

Rasimu ikiisha, isome kwa sauti yote, peke yako. Uongo ulioandikwa vibaya ulimi huukataa. Kisha tafuta watu watatu: anayelijua ziwa, asiyelijua, na mmoja ambaye hapendi riwaya kabisa. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize: "Ulianza kumshuku ukurasa wa ngapi?" Wote wakitaja ukurasa mmoja, umepiga kelele pale, punguza. Asipokuwepo hata mmoja aliyeshuku kabla ya mwisho, umeficha mno; rudi safu ya tatu.

Na kila kosa watakaloliona, amua ni la nani. Deo ana ruhusa ya kukosea, mimi sina. Msomaji atayachukulia makosa ya Deo kuwa dalili endapo tu vitu vingine vyote, bei ya gunia, njia ya daladala, mwezi wa mvua, viko sawasawa. Kosa langu moja la uzembe linafuta dalili zake kumi, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayejua nani anadanganya.

Mwaka jana nilimpelekea yule mama wa Igombe muswada mpya. Alikaa nao wiki mbili. Kuhusu mwezi na taa hakusema kitu, alicheka tu. Kuhusu "mtu mmoja aliyekuwa akipita ufukweni" alisema tangu mwanzo alijua ni mwanamke, kwa sababu mwanamume asingeondoka bila kusalimia. Halafu akafungua ukurasa wa 61, alipokuwa amekunja kona.

"Hapa ni Aprili," akasema. "Mvua kila siku. Na dagaa wa huyu wamekauka kwa siku moja?"

Nikachukua kalamu.